Sanduku la kufungia ruba wa manyoya: mkasi safi, jiliwa bovu, na shanga nilizozipeleka kwa sonara

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kirumba, Mwanza, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa sare za shule, magauni ya vitenge na suruali za kupunguza urefu. Nalisema hili mapema ili ujue anayekupimia sanduku hili la vifaa vya kufunga ruba wa manyoya, yaani vyambo vya kuvulia samaki, hajawahi kushika trauti aliye hai, yule samaki wa maji baridi. Uzi lakini naujua, mkasi naujua, na kitu cha bei mbaya nakitambua kabla sijaambiwa bei.

Sanduku lilikuja kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anayekaa Nanyuki na kupandisha wageni mlimani kuvua. Kule juu Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000, kuna maziwa madogo kama Rutundu na Alice yaliyopandikizwa trauti wa upinde wa mvua. Kwetu Mwanza samaki huyo haishi, ziwa letu lina joto kama chai iliyosahauliwa mezani. Wageni wa shemeji wanavua kwa vyambo vya manyoya vilivyofungwa kwenye ndoano, na wanavyovipoteza zaidi ni vile vya mfano wa ruba, kwa sababu vinavutwa chini karibu na majani na mawe. Kenya wapo mafundi wengi wanaofunga vyambo hivi kwa biashara, vinasafiri mpaka Uingereza. Ila shemeji amechoka kununua kwa dazeni halafu nusu zinafumuka siku ya kwanza.

Akanipigia. "Shemeji, vidole vyako hivyo vinaweza. Nikutumie sanduku la vifaa ujaribu?"

Nikamwambia atume, lakini hela nalipa mimi. Kitu cha kupewa hukikagui sawasawa, unaona aibu. Pamoja na nauli ya basi ikafika shilingi 212,000 za kwetu. Likapita mpakani Sirari, nikalipokea stendi ya Nyamhongolo saa kumi na moja alfajiri, kona moja imebonyea.

Ndani mlikuwa na jiliwa dogo la kubana ndoano, vishika uzi viwili, mkasi, kibanio cha kushikia unyoya, chuma cha kupigia fundo la mwisho, ndoano 50 namba 8 zenye shina refu, nyuzi tatu, uzi wa shenili (ule mnene wenye vinywele) rangi tatu, mfuko wa manyoya laini, mfuko wa manyoya ya shingo ya jogoo, vipande vya ngozi ya sungura, shanga 40, pini, na kijitabu cha picha. Kwa kuangalia tu, sanduku zuri. Mpaka leo nimefunga ruba kwa makumi, hivyo ninachosema hapa kimetoka mezani.

Nianze na jiliwa, maana ndilo lililonitoa machozi. Kwanza kibano chake cha kushika meza hakifunguki vya kutosha. Meza yangu ni ya mninga, marehemu baba aliichonga, unene wake unapita kidogo inchi moja na nusu. Jiliwa likagoma. Nikalifunga kwenye ubao wa kukatia nyama na ubao nikaubana kwa mawe mawili. Pili, midomo yake ni chuma laini. Ndoano ya kumi ilikuwa imeshachimba mfereji, na kuanzia hapo kila nikivuta uzi, ndoano inageuka kichwa chini kama mtoto anayekataa dawa. Kazi hii yote ni kukaza uzi. Jiliwa lisiloshika ni sawa na cherehani lisilo na mguu wa kukandamizia kitambaa.

Fundi funguo wa jirani alilipiga tupa midomo ikalala sawa, akabadilisha na bolti, akaweka ya baiskeli. Shilingi 3,000. Sasa linashika. Lakini kwa nini mtu alipe laki mbili kisha ampelekee fundi funguo?

Vishika uzi ni vifimbo vyenye mrija mwembamba ambamo uzi unapita, ili uzungushe bila kuushika kwa mkono. Kimoja kizuri. Cha pili mdomo wa mrija ulikuwa na ukali, unakata uzi kila mzunguko wa sita au wa saba. Nilidhani kosa ni langu, nikalegeza mkono, bado. Nilipopitisha kidole nikausikia. Dawa yake: pitisha uzi mnene wa pamba uliopakwa dawa ya meno, usugue kwenda na kurudi kama unayepiga mswaki wa mti, dakika kumi hivi. Ulilainika.

Mkasi nausifu bila kusita. Mkasi wa fundi unapimwa kwa ncha, sio kwa tumbo: kunja shifoni, kata kwa ncha peke yake, kama kitambaa kinatafunwa mkasi haufai. Huu ulikata shifoni, ukakata unyoya mmoja mmoja, ukakata ngozi ya sungura kwa upande wa ngozi bila kugusa manyoya. Binti yangu wa kazi kashaonywa: akiutumia kwa karatasi, tutakosana.

Manyoya sasa. Mfuko umeandikwa "marabou", nikacheka peke yangu. Kutoka kibandani mpaka soko la samaki la Mwaloni ni mwendo wa dakika tano, na pale juu ya mapaa wamejaa korongo marabu wenyewe, wale wenye kipara na mfuko shingoni, wanangojea matumbo ya sangara. Zamani manyoya haya yalitoka kwao kweli, yale malaini ya chini ya mkia, na wanawake wa Ulaya walikuwa wakiyapachika kwenye kofia. Siku hizi ni ya bata mzinga, korongo kaachiwa jina tu. Jirani yangu muuza dagaa aliposikia akaniuliza kwa nini nisimnase mmoja nikamnyonyoa bure. Nikamjibu, mama, kwanza yule ni ndege wa porini, ana sheria zake. Pili, wewe umewahi kumsogelea ukamnusa?

Ubora wake ni mzuri, bora kuliko nilivyotegemea. Nyuzi za unyoya ni ndefu, laini, hazijavunjika ncha. Yakilowa yananywea kama paka aliyemwagiwa maji. Ukiyarudisha ndani ya maji yanafunguka na kucheza hata kama maji yametulia. Huo ndio uhai wa chambo chote. Rangi tatu: nyeusi, kijani cha zeituni, na damu ya mzee. Nyeusi inaacha rangi kidogo kwenye vidole, kwa hiyo usishone gauni la bibi harusi siku hiyohiyo. Feni nayo uzime kabla hujafungua mfuko. Mimi sikuzima, na wiki moja nzima nimekuwa nikichambua manyoya kwenye sketi za kijivu za watoto wa shule.

Manyoya ya jogoo hayana neno, ila kwa ukweli huna haja ya kuyanunua. Muuza kuku sokoni atakupa shingo nzima ya jogoo mwekundu ukimwomba vizuri. Ioshe kwa sabuni, ianike kivulini. Shenili nayo ni ya kawaida.

Kijitabu kinanikera kwa jambo moja tu, lakini kubwa. Ruba wake ni mnene.

Kwa bibi yangu Ukerewe, nikiwa na miaka tisa, tulikuwa tukichota maji pembeni ya mafunjo. Siku moja nikatoka na ruba kwenye kifundo cha mguu. Bibi hakupiga kelele, alimbandua kwa ukucha, akamtia kwenye chupa ya jemu yenye maji, akaniambia nimtazame mpaka woga uishe. Nilimtazama jioni nzima. Akitulia anajikunja anakuwa kama punje ya haragwe, amejibandika ubavuni mwa chupa. Akiogelea ni mwingine kabisa: anajinyoosha, anakuwa bapa kama utepe, na mawimbi yanapita mwilini juu na chini, juu na chini. Samaki anajitupa kushoto na kulia. Ruba ni kanga iliyoanikwa upepo ukiipandisha na kuishusha.

Kwa hiyo nilipoona kwenye picha ya kijitabu mkia wa manyoya mawili mazima na mwili wa shenili nene, nikajua aliyeandika amemwona ruba aliyelala. Samaki anamfukuza anayeogelea. Nimefunga sita kama walivyoelekeza, nikawatia kwenye beseni jeupe, nikawavuta kwa uzi. Walikuja kama brashi ya chupa. Baada ya hapo nikatumia nusu ya manyoya.

Navyofanya mimi ni hivi. Nafunika shina la ndoano kwa uzi mpaka pale linapoanza kupinda. Nachukua unyoya mmoja, nachuna nyuzi za upande mmoja tu, nalowesha vidole nazibana: zikilowa ziwe unene wa njiti ya kiberiti. Mkia usipite urefu wa shina la ndoano, maana shemeji anasema trauti huuma mkia mrefu akaondoka na manyoya bila kuigusa ndoano. Mizunguko mitano ya uzi, kila mmoja ukikanyaga ubavu wa mwenzake. Hapo nafunga waya mwembamba wa kopa niliouchomoa kwenye mota ya feni iliyoungua, pamoja na uzi wa sufu nyeusi nilioupasua ukabaki nyuzi mbili. Sufu nausugua kwa brashi ya viatu usimame vinywele. Nazungusha mwili mwembamba mpaka mbele, nafuatisha waya kwa nafasi, kisha unyoya wa jogoo mizunguko miwili shingoni. Fundo la mwisho napiga kwa vidole, kile chuma chao kiko kwenye droo na vifungo. Tone la rangi ya kucha ile isiyo na rangi, basi. Dakika saba nikiwa na haraka, kumi na mbili nikiwa na mteja anayenisimulia habari za mumewe.

Chambo cha namna hii, cha mkia wa manyoya na unyoya wa jogoo uliozungushwa, kwenye kijitabu kinaitwa Woolly Bugger. Ni cha Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1967, na shemeji ananiambia hata hakukifunga kwa ajili ya ruba wala trauti, alikuwa anaiga buu wa mtoni. Ruba wameingizwa humo baadaye kwa kubadilisha rangi na kupunguza unene.

Nimalizie na shanga, na hapa naomba utulie.

Kuna aina ya ruba inayoitwa ruba wa mizani. Unavua naye chini ya chelezo, ananing'inia amelala sambamba na maji kama ruba halisi anavyoelea. Ili alale hivyo, unafunga pini kwenye shina la ndoano ichomoze mbele, na kwenye ncha ya pini unaweka ushanga mzito. Uzito wa mbele unalingana na uzito wa ndoano nyuma, mshipi unashika katikati. Wimbi dogo likipandisha chelezo, ruba anapanda na kushuka. Yaani kanga ya bibi.

Pini za sandukuni zilikuwa laini, zinapinda ukizikaza uzi. Nikazitupa nikatumia pini zangu za mtaa wa Makoroboi, pakiti nzima shilingi 1,500. Shanga ndizo zilizonishinda. Kwenye kifuko imeandikwa tungsteni, chuma kizito sana. Nikafunga ruba wa mizani wanne, nikawaning'iniza kwenye ndoo. Wote wanne mkia chini, kichwa juu, kama watu waliosimama foleni.

Nikadhani nimekosea kufunga. Nikafumua, nikafunga tena. Foleni ileile.

Mwanza hii ni mji wa dhahabu, sonara hawakosekani, na mmoja ni mteja wangu wa suruali. Nikamwekea shanga ishirini kwenye kaunta. Nilipotamka neno tungsteni akainua uso haraka. "Mama, hiyo umeipata wapi?" Kumbe wao wanaijua kwa ubaya. Uzito wake kwa ujazo unakaribiana sana na wa dhahabu safi, kama 19.3 kwa maji moja, ndiyo maana matapeli huificha ndani ya vipande vya dhahabu. Mizani inadanganyika.

Akazipima hewani: gramu 4.10. Akaziweka kwenye kikapu cha waya akazizamisha kwenye glasi ya maji, akapima tena, zikapungua karibu nusu gramu. Akapiga hesabu kwenye simu, akanigeuzia kioo: nane na pointi. "Hii ni shaba ya njano iliyopakwa rangi. Risasi tu ingefika kumi na moja." Akakwangua mmoja kwa ncha ya kisu, na chini ya weusi ikatoka njano ya bomba la maji. Hakunidai hela. Alisema angalau leo ameletewa tungsteni ya uongo, maana kazi yake ni kuletewa dhahabu ya uongo.

Kwa hiyo nimelipishwa chuma kizito nikapewa chepesi. Hilo sio kosa la kiwandani kama ule mrija wenye ukali. Mtu aliandika neno kwenye kifuko akijua.

Lakini nilikuwa na shanga zilizobaki na hasira nyingi, nikakumbuka mizani ya mkono ya wauza dagaa. Jiwe dogo linalingana na mzigo mkubwa ukilisogeza mbali na kitanzi. Nikafunga ruba mwingine, pini nikaichomoza mbele zaidi, kama upana wa ushanga mmoja na nusu, nikajaza kola ya uzi nyuma ya ushanga usirudi. Ndani ya ndoo akalala. Sio sawasawa kabisa, mkia umelegea kidogo, lakini amelala. Kwa hiyo kama wewe nawe una shanga za shaba, usizitupe. Sogeza mbele.

Majaribio ya ziwani yalikuwa ya mchezo tu, maana huku hakuna trauti. Mpwa wangu alichukua mshipi wa mkono, tukakaa kwenye mawe ya Bwiru jioni moja, mimi juu pakavu, kichocho sikitaki. Ruba mweusi mwembamba, kuvuta kidogo kidogo na kuacha. Sato hawakujali. Mara ya nane au ya tisa kisangara cha urefu wa kiganja na nusu kikamrukia, kikatoka majini kikiwa na hasira kuliko ukubwa wake. Tulikirudisha, hakijafika hata nusu ya sentimita 50 zinazoruhusiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mitego ya samaki pembeni alikichukua chambo changu, akakigeuza kwenye mwanga, akauliza bei. Nikamtajia 2,500. Akanirudishia, akasema kwa hela hiyo ananunua ndoano kumi na vikambare vya chambo bado vinabaki.

Habari za kweli zimetoka Rutundu. Shemeji alipanda na ishirini na nne wa kwanza. Wale sita wanene hawakupata kitu kwa siku mbili. Wembamba weusi walishika asubuhi na jioni jua likiwa limelala, na wa damu ya mzee walifanya vizuri siku ya mawingu. Hakuna hata mmoja aliyefumuka, na hili amelirudia mara mbili kwenye simu, mdogo wangu akicheka nyuma yake. Ameagiza wengine sitini. Wa mizani anataka wenye tungsteni ya kweli, na mimi namuunga mkono, ile kola ya uzi ni kiraka.

Kama una 212,000 na unataka kuanza, ushauri wangu usinunue sanduku. Nunua mkasi mzuri, mfuko mmoja wa manyoya laini meusi, ndoano, na jiliwa la mtu anayeuza majiliwa peke yake. Kishika uzi kimoja kinatosha, mradi ukipitishe kidole mdomoni mwa mrija kabla hujalipa. Pini, sufu, waya wa kopa, rangi ya kucha na shingo ya jogoo vyote viko Mwanza, havifiki 10,000. Kama sanduku umeshapewa zawadi, shukuru, kisha mtafute fundi funguo. Kwa alama natoa mbili na nusu kati ya tano: mkasi na manyoya vimebeba mbili, nusu ni ya sanduku lenyewe kwa kuwa linafunga vizuri na panya hawajaingia.

Muuzaji nilimwandikia nikamtumia picha ya shanga juu ya mizani, na ile iliyokwanguliwa. Wiki nzima kimya, kisha akajibu kwamba shanga zingine zitakuja na basi la Ijumaa. Ijumaa mbili zimepita. Zikifika hazianzii mezani kwangu, sonara ameshaomba azizamishe yeye kwanza.